Mkono Mmoja, Waya Mmoja: Historia Fupi ya Kunasa Sauti ya Gitaa la Besi Detroit, 1959–1972

0. Utangulizi

Kitenzi «kunasa» ni cha kale kuliko mitambo ya sauti. Mtego hunasa ndege, mwiba hunasa nguo, ulimbo hunasa mdudu. Watumiaji wa Kiswahili walipohitaji neno la kazi ya studio, wengi walichukua «kurekodi» kutoka Kiingereza, na wengine, hasa katika miji ya Kongo, wakaazima kutoka Kifaransa. Hata hivyo «kunasa sauti» ndilo neno linalolieleza tendo lenyewe: kitu kilichokuwa kikipita hewani kimezuiliwa kisiende zake. Ubora wa mtego hautokani na wingi wa kamba. Hutokana na kutegwa pale mnyama anapopita.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mtego mmoja wa namna hiyo, yaani jinsi sauti ya gitaa la besi ilivyonaswa katika studio ya kampuni ya Motown, mjini Detroit, Marekani, kati ya mwaka 1959 na mwaka 1972. Hoja yake ni mbili. Kwanza, urahisi wa njia iliyotumika haukuwa dalili ya umaskini wa vifaa wala uzembe wa mafundi; ulikuwa jibu la makini kwa matatizo yaliyojulikana. Pili, njia hiyo rahisi iliuhifadhi mkono wa mpigaji kwa uaminifu mkubwa, lakini haikulihifadhi jina lake. Na upungufu huo wa pili ulisababisha hasara ambayo hakuna mtambo ungeweza kuirekebisha.

1. Chombo kipya, tatizo la zamani

Kabla ya gitaa la besi kulikuwa na kontrabasi, chombo kirefu kuliko mpigaji wake, ambacho sauti yake ni nene lakini haiendi mbali. Katika bendi yenye ngoma na tarumbeta, kontrabasi ilisikika zaidi kwa tumbo kuliko kwa sikio. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa Fullerton katika jimbo la California, alitoa gitaa la umeme la nyuzi nne aliloliita Precision Bass. Jina hilo lilihusu usahihi: shingo ya gitaa hilo ilikuwa na vizuizi vya chuma, hivyo mpigaji hakuhitaji kukisia mahali pa kubana uzi. Urefu wa uzi unaotetemeka ulikuwa inchi 34, karibu sentimita 86. Uzi wake mnene kabisa ulitoa noti ya mi ya chini, yenye mitetemo ipatayo 41 kwa sekunde.

Chombo kilikuwa kipya, lakini tatizo la kukinasa lilikuwa la zamani. Sauti nene ina mawimbi marefu. Wimbi la mitetemo 41 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani ni refu kuliko vyumba vingi vya studio. Wimbi kama hilo hugonga kuta, hurudi, hujumlika na wenzake mahali pamoja na kufutika mahali pengine. Mikrofoni ikisogezwa hatua moja, noti iliyokuwa kubwa huwa ndogo. Tena sauti nene hupenya kila mahali: huingia katika mikrofoni ya ngoma, ya piano na ya mwimbaji. Upande wa pili kulikuwa na sahani ya santuri yenyewe. Besi likizidi, mfereji uliochongwa kwenye sahani hupanuka mno, na sindano ya gramafoni inaweza kuruka. Kwa hiyo mafundi wengi wa wakati ule walikuwa na tabia ya kulipunguza besi wakiogopa hasara ya baadaye.

2. Nyumba ya West Grand Boulevard

Mwaka 1959 Berry Gordy alikopa dola 800 kutoka katika hazina ya ukoo wake akaanzisha kampuni ya muziki. Mwaka huohuo alinunua nyumba ya kawaida ya makazi, namba 2648 West Grand Boulevard, ambayo kabla yake ilikuwa na studio ya mpiga picha. Sehemu ya nyuma ilifanywa chumba cha kunasia sauti kilichojulikana kama Studio A. Wanamuziki walikibandika jina la «shimo la nyoka» kwa sababu ya nyaya zilizokuwa zikining'inia kutoka darini. Kilikuwa chumba kidogo, kikifanya kazi karibu usiku na mchana, na kikipokea wapigaji wengi kwa wakati mmoja.

Hali hiyo ndiyo iliyoamua njia. Kama kila mpiga gitaa angeleta kikuza sauti chake na kukiwekea mikrofoni yake, vyombo vingemezana. Fundi Mike McLean na wenzake waliona kwamba chombo cha umeme hakihitaji kupita hewani ndipo kinaswe. Mtetemo wa uzi wa chuma juu ya sumaku huzaa umeme. Umeme huo tayari ni sauti kwa namna nyingine. Kilichobaki ni kuufikisha kwenye meza ya mitambo.

Hapo pana kikwazo kimoja cha kiufundi. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni dhaifu, tena hutoka kwenye koili yenye ukinzani mkubwa. Ukisafirishwa kwa waya mrefu, hupoteza sauti nyembamba na kukusanya mngurumo. Dawa yake ni transfoma ndogo iliyowekwa ndani ya kisanduku. Transfoma hiyo huupokea umeme wa gitaa bila kuuelemea, kisha huutoa katika hali ileile ambayo mikrofoni ya kawaida hutoa wake. Meza ya mitambo haitambui tofauti. Kuanzia hapo waya unaweza kwenda mbali bila madhara.

Ndivyo ilivyofanyika Detroit. Magitaa na besi yaliunganishwa moja kwa moja na mitambo, na wapigaji wakasikilizana kupitia kipaza sauti cha pamoja kilichokuwamo chumbani. Hakuna aliyekuwa na kikuza sauti chake cha kushindana na mwenzake. Mpiga besi aliyetaka kusikika zaidi hakuwa na kitufe cha kuzungusha ila vidole vyake. Aidha, vifaa vilibaki mahali pake. Aliyefika asubuhi alikuta kiti, waya na kisanduku palepale alipoviacha usiku. Muda ambao studio nyingine ziliutumia kusogeza mikrofoni ulitumika hapa kutafuta noti.

3. Kidole, nyuzi na sifongo

Mtu aliyekaa kwenye kiti cha besi mara nyingi zaidi alikuwa James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Carolina, akahamia Detroit mwaka 1954, na akajifunza kwanza kontrabasi. Alipoingia kwenye gitaa la besi hakuacha desturi ya kontrabasi: alikwanyua nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada, ambacho wenzake walikiita «ndoano». Gitaa lake maarufu lilikuwa Precision la mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa nene, zilizoviringishwa kwa utepe laini wa chuma badala ya waya wa mviringo, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Chini ya kifuniko cha daraja la nyuzi kulikuwa na sifongo iliyozuia noti isivume kupita kiasi.

Mambo hayo matatu yasipuuzwe, kwa kuwa ndiyo yaliyofanya kazi ambayo studio nyingine ziliwaachia mafundi wa mitambo. Nyuzi laini na kuukuu hazina mlio wa chuma, hivyo hapakuwa na haja ya kuuchuja. Sifongo ilifupisha noti, hivyo kila noti ilikwisha kabla ya nyingine kuanza na ngoma ikapata nafasi yake. Kidole kimoja kilitoa nguvu iliyo sawa, hivyo sauti haikupanda na kushuka ovyo. Matatizo yalitatuliwa kwenye chombo, kabla hayajafika kwenye waya. Ndiyo maana waya mmoja ulitosha.

Kulikuwa pia na swali la msikilizaji. Kampuni haikuzijaribu nyimbo zake kwenye vipaza sauti vikubwa pekee. Ilizisikiliza pia kwenye kipaza sauti kidogo mfano wa kile cha redio ya gari. Kipaza sauti cha namna hiyo hakiwezi kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Lakini sikio la binadamu lina uwezo wa ajabu: likisikia mitetemo 82, 123 na 164, huhisi noti ya 41 ingawa haipo. Mpigo wa Jamerson, ulionaswa bila mwangwi wa chumba, ulikuwa na mitetemo hiyo ya kati kwa wingi na kwa usafi. Basi besi lilisikika hata ndani ya gari lililokuwa likipita barabarani.

4. London: njia ndefu

Ulinganisho na London unafaa kwa sababu watu wa huko wenyewe waliitazama Detroit kwa hamu. Wanamuziki wa Beatles walinasia nyimbo zao katika studio za EMI za Abbey Road, nyumba yenye vifaa bora, mafundi waliofunzwa vizuri na kanuni kali za kazi. Paul McCartney amemtaja Jamerson mara nyingi kama kielelezo chake. Hata hivyo, mpaka mwaka 1965, besi katika santuri zao lilikuwa hafifu likilinganishwa na lile la santuri za Marekani.

Aprili 1966, walipokuwa wakiuandaa wimbo «Paperback Writer», fundi Geoff Emerick na mwenzake Ken Townsend walijaribu ujanja. Walichukua kipaza sauti kikubwa wakakitumia kinyume, yaani kama mikrofoni, wakakiweka mbele ya kipaza sauti cha besi. Kwa kuwa utando wake ni mpana, kiliipokea sauti nene kwa wingi. Ujanja ulifaulu na wimbo ukasifiwa kwa besi lake. Lakini haukuwa njia ya kila siku. Mwaka 1967, katika matayarisho ya sahani ndefu ya «Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band», McCartney mara nyingi alilipiga besi peke yake baada ya vyombo vingine kumalizika, akirudia mpaka aridhike, na kuunganisha gitaa moja kwa moja na meza ya mitambo kukawa mojawapo ya njia za studio ile pia.

Haifai kusema kwamba London ilikosea na Detroit ikapatia. Muziki uliotoka katika njia ile ndefu ni mzuri, na besi la mwaka 1967 lina uhuru wa wimbo wa pili unaotembea chini ya ule wa kwanza. Kinachoonekana ni kwamba njia mbili zilianza mbali na kukutana karibu na mahali pamoja: besi linalonaswa peke yake, bila kuchanganyika na chumba, na mpigaji aliyepewa muda wa kufikiri.

5. Hesabu ya mawimbi

Katika miongo iliyofuata mikondo ya utepe iliongezeka, kutoka mitatu hadi minane, kutoka minane hadi kumi na sita na ishirini na minne. Ilipokuwepo nafasi, ikatafutiwa kazi. Fundi aliunganisha besi kwa waya, akaongeza mikrofoni mbele ya kikuza sauti, pengine na nyingine mbali kidogo, kisha akajumlisha zote. Mara nyingi alishangaa kuona kwamba sauti tatu nene zikijumlishwa zinatoa sauti moja nyembamba.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Umeme kwenye waya hufika papo hapo. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mikrofoni iliyo mita 1 kutoka kwenye kipaza sauti huchelewa kwa karibu elfu 3 za sekunde. Kwa mitetemo 170 kwa sekunde, ambayo wimbi lake ni mita 2, kuchelewa huko ni nusu ya wimbi: waya unapopanda, mikrofoni inashuka, na moja humfuta mwenzake. Kwa mitetemo 41 kuchelewa kulekule si kitu. Matokeo yake ni kwamba noti moja husikika, nyingine hufifia, na mpigaji hulaumiwa kwa kosa la mita moja ya hewa.

Fundi hodari anaweza kulirekebisha jambo hilo kwa kuisogeza mikrofoni au kuuchelewesha waya. Lakini kila rekebisho huzaa uamuzi mwingine, na kila uamuzi humweka mpigaji akisubiri huku mkono wake ukipoa. Waswahili wa pwani husema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mikrofoni nyingi kwa besi moja ni manahodha wengi.

Hata hivyo waya nao una mipaka. Hauchukui hewa iliyo mbele ya kikuza sauti, wala mkwaruzo ambao baadhi ya wapigaji wa roki huutafuta kwa makusudi. Kwao kikuza sauti ni sehemu ya chombo, kama tumbo la kontrabasi lilivyo sehemu ya kontrabasi, na ni haki kiwekewe mikrofoni. Kanuni iliyojitokeza Detroit basi haisemi «tumia waya daima». Inasema: chagua mahali ambapo sauti imekamilika, utege hapo, na uache.

6. Jina lililokosekana

Kwa zaidi ya miaka kumi jalada za santuri za Motown zilibeba majina ya waimbaji na watunzi. Wapigaji, waliojiita Funk Brothers, hawakutajwa. Wasikilizaji waliipenda «sauti ya Motown» wakidhani ni mali ya nyumba, kama harufu ya jikoni. Mwaka 1971, katika sahani ndefu ya Marvin Gaye iitwayo «What's Going On», majina ya wapigaji yalichapishwa, na Jamerson akaandikwa kwa maneno ya sifa. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles. Studio A ilifungwa. Leo nyumba ile ni sehemu ya makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1985.

Jamerson alifariki tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na umri wa miaka 47. Gitaa lake la mwaka 1962 lilikuwa limeibiwa muda mfupi kabla. Heshima ilikuja baadaye: kitabu cha Allan Slutsky cha mwaka 1989, kuingizwa kwake katika Jumba la Sifa la Rock and Roll mwaka 2000, na filamu ya mwaka 2002 juu ya Funk Brothers. Asiyekujua hakuthamini, na ulimwengu haukumjua kwa sababu haukuandikiwa.

Madhara hayakuishia kwenye huzuni. Kwa kuwa kampuni ilinasia baadhi ya kazi Los Angeles pia, na majina hayakuwekwa kwenye jalada, ulizuka ubishi mrefu kuhusu nani alipiga besi katika nyimbo fulani maarufu. Wanahistoria walilazimika kurudi kwenye hati za malipo, kumbukumbu za wazee na tepe zenyewe. Na hapa waya mmoja ulitoa msaada usiotarajiwa. Besi lilinaswa moja kwa moja, halikupitia mikrofoni iliyokuwa ikipokea pia sauti za jirani. Kwa hiyo tepe za mikondo mingi zilipofunguliwa tena, liliweza kusikilizwa karibu peke yake. Ile ndoano ya kidole kimoja, zile noti zilizofupishwa na sifongo, zote zilikuwa pale. Lakini ushahidi wa sikio hubishaniwa. Jina lililoandikwa siku ya kazi halihitaji kubishaniwa.

7. Mfano wa Jadotville

Msomaji wa Katanga anao mfano wa karibu. Mwaka 1952, mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mtafiti Hugh Tracey alimnasa kijana mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco. Hapakuwa na gitaa la besi wala chumba cha studio. Besi lilikuwa kwenye kidole gumba cha Mwenda, lililokwanyua nyuzi nene huku kidole cha shahada kikipiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Mizani kati ya besi na wimbo haikupangwa na fundi yeyote. Ilipangwa na vidole viwili vya mtu mmoja. Kazi ya Tracey ilikuwa kuiweka mikrofoni mahali panapostahili na kuiacha mizani hiyo ipite salama.

Ulinganisho huu usivutwe mno, maana gitaa la Mwenda lilikuwa la mbao lisilo na umeme, na shabaha ya Tracey ilikuwa ya utafiti. Lakini mambo mawili yanafanana, na moja linatofautiana. Yanafanana katika urahisi wa njia na katika mizani iliyowekwa mkononi mwa mpigaji. Yanatofautiana katika jina. Tracey aliandika jina la mpigaji, mahali na mwaka. Kwa hiyo wapiga magitaa wa Kenya na kwingineko walioiga mtindo ule walijua wanamwiga nani, na Mwenda alipofariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, hakuna aliyelazimika kuuliza ni nani aliyepiga gitaa katika «Masanga».

8. Hitimisho

Historia ya besi la Detroit inaonyesha kwamba njia fupi ya kunasa sauti inawezekana pale kazi imekwisha kufanywa kabla ya mtambo: chombo kimeandaliwa, mkono umezoezwa, wapigaji wanasikilizana, na vifaa havihamishwi kila siku. Pasipo hayo, waya mmoja hunasa tu upungufu uliopo, na mikrofoni kumi huuzidisha.

Inaonyesha pia kwamba utepe si kumbukumbu kamili. Kwa idara za vyuo vikuu zinazokusanya ngano, nyimbo na mazungumzo kwa mashine ndogo na fedha kidogo, somo la kwanza linatia moyo: mikrofoni moja iliyowekwa vizuri inatosha. Somo la pili linadai zaidi, ingawa gharama yake ni kalamu na karatasi. Kabla mashine haijazimwa, jina la mwenye sauti na liandikwe, pamoja na mahali na siku. Detroit ilikuwa na transfoma bora, tepe bora na mpigaji aliyeigwa dunia nzima. Kilichokosekana kwa miaka zaidi ya kumi ni mstari mmoja wa wino.